Shajara ya mradi: maji ya kiangazi Usangu

Juni

Kazi imeanza, na lengo tumeliandika ubaoni kwa sentensi moja: kujua maji ya kiangazi katika Bonde la Usangu, kusini magharibi mwa Tanzania, yanaishia wapi kabla hayajafika kinamasi cha Ihefu. Maji ya masika hayatuhusu kwa sasa. Masika maji yamejaa na hakuna anayegombana na mwenzake. Ugomvi wote wa Usangu, wa mkulima na mfugaji, wa banio la juu na banio la chini (banio ni lango la kuingizia maji ya mto mferejini), wa kijiji na hifadhi, wa mpunga na umeme, ni ugomvi wa maji machache yanayobaki kuanzia Julai mpaka mvua za Novemba au Desemba.

Kwa asiyelijua eneo: Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha Mkuu wenyewe hushuka kutoka nyanda za juu za kusini, ambako mvua ni zaidi ya mara mbili ya ile ya bondeni. Ikifika tambarare hunywesha skimu kubwa za mpunga, Mbarali, Kapunga na Madibira, pamoja na mifereji ya wakulima wadogo isiyo na idadi. Kinachosalia huingia Ihefu. Nayo Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unaendelea kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na hatimaye Rufiji. Yakishuka chini ya mwamba mto unakatika, hata kama Ihefu yenyewe bado imejaa viboko.

Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi mwaka 1993. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza kwamba serikali itaurudishia mto mtiririko wa mwaka mzima ifikapo 2010. Kati ya 2006 na 2007 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa Ihefu, na mwaka 2008 Pori la Akiba Usangu likaunganishwa na hifadhi. Ng'ombe waliondoka, mwaka 2010 ukapita, na mto ukaendelea kukauka. Ndiyo maana sisi tunaanzia kwenye mifereji.

Julai

Mwezi wa kuchagua macho. Kila anayesikia "setilaiti" hudhani ni kitu kimoja kinachoona kila kitu. Ziko nyingi, na nyingi hazitufai.

GRACE (sasa GRACE-FO), jozi ya setilaiti zinazopima uzito wa maji ardhini kwa kuangalia jinsi nguvu ya mvutano inavyobadilika, tulipendekezewa na mtu wa warsha. Inafanya maajabu kwa Ziwa Victoria au bonde zima la Kongo. Usangu yote ni kilomita za mraba kama 21,000, na kwa GRACE hiyo ni nukta isiyojitenga na majirani zake. Tumeiacha.

SWOT, iliyorushwa Desemba 2022 na Marekani na Ufaransa, hupima kimo cha maji kwa mito yenye upana wa mita 100 na zaidi. Ruaha wa Oktoba unauruka kwa hatua chache bila kulowa. Itatusaidia Mtera, labda. Huku juu, hapana.

Tumebaki na tatu. Sentinel-2 ya Ulaya, yenye nukta za mita 10 (yaani kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10 ardhini), inayopita kila baada ya siku 5, setilaiti mbili zikiwa kazini. Landsat 8 na 9 za Marekani, nukta za mita 30, ambazo kwa pamoja hupita kila siku 8 na zina kitu ambacho Sentinel-2 haina: kipimajoto. Na Sentinel-1, ya rada, inayopenya mawingu na kuona usiku. Zote ni bure. Landsat ilifunguliwa kwa wote mwaka 2008. Kabla ya hapo picha moja ililipiwa mamia ya dola.

Kuhusu ukubwa wa nukta, hesabu iko hivi. Jaruba la robo ekari lina mita za mraba 1,000 hivi. Nukta moja ya Landsat ni mita za mraba 900, yaani jaruba zima ni nukta moja, tena mara nyingi imekatwa nusu na la jirani. Sentinel-2 inaliona jaruba hilohilo kwa nukta kumi. Kwa Usangu, ambako mashamba makubwa na vijaruba vimechanganyika, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mkulima mdogo yumo ramanini au hayumo.

Julai, mwishoni

Mtandao wa ofisi haukubali kushusha picha. Faili moja ni megabaiti mia kadhaa na linakatika likikaribia kwisha. Tumehamia Google Earth Engine, ambako picha zinabaki kwenye kompyuta zao na sisi tunatuma maelekezo tu. Tunachoshusha ni ramani iliyokwisha kutengenezwa, ambayo hata simu inaibeba.

Agosti

Njia ya kawaida ya kuyatambua maji kwenye picha ni kulinganisha rangi. Maji hurudisha kidogo mwanga wa kijani na humeza karibu wote wa infraredi, ule tusiouona kwa macho. Ukitoa mmoja kwa mwingine na kugawa kwa jumla yake unapata NDWI, kipimo kilichopendekezwa na McFeeters mwaka 1996. Chanya ni maji, hasi ni nchi kavu. Vitabuni.

Ramani ya kwanza ya Agosti ilionyesha maziwa meusi makubwa kaskazini ya Ihefu, mahali ambapo kila dereva wa hapa anajua ni nyasi tupu. Ni mioto. Nyanda za Usangu huchomwa kila kiangazi, na nyasi zilizoungua hazirudishi infraredi, sawasawa na maji. Dawa yake ni kutumia infraredi ya mawimbi marefu zaidi badala ya ile ya karibu. Majivu hung'aa humo, maji yanabaki meusi. Sentinel-2 inaipima kwa nukta za mita 20, kwa hiyo tunapoteza ukali kidogo, lakini heri ramani yenye ukungu kuliko ziwa la majivu.

Tatizo la pili ni Ihefu yenyewe, na hili halina dawa ya rangi. Sehemu kubwa ya kinamasi cha kudumu imefunikwa na majani marefu yanayoelea juu ya maji. Kamera inaona ukijani, basi. Hata ile ramani ya dunia ya Kituo cha Utafiti cha Tume ya Ulaya, iliyochambua picha zaidi ya milioni 3 za Landsat tangu 1984, inaipa Ihefu madoa machache ya maji kana kwamba mto wote unatoka kwenye vidimbwi. Tumekubaliana kwamba kwa Ihefu hatutatafuta maji wazi. Tutatafuta kijani cha Oktoba: kinachobaki kibichi wakati kila kitu kimekauka, kiko majini. Si wazo letu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, walishafuatilia ardhi oevu hii kwa picha za Landsat katika miaka ya 2000, na wazo la kutofautisha kinamasi cha kudumu na kile cha msimu linafanya kazi hadi leo.

Septemba

Picha safi, bila wingu hata moja. Hiki ndicho kiangazi tulichokuwa tunakisubiri.

Tumetenga vitu viwili: kijani kilicholimwa, yaani bustani za vitunguu, nyanya, mahindi ya kiangazi, na ardhi mbichi isiyo na zao. Cha pili ndicho kilichotushtua. Chini ya mifereji kadhaa kuna mikia mirefu ya unyevu inayoingia kwenye majaruba yaliyovunwa tangu Juni. Hakuna mpunga humo. Kuna maotea, magugu na matope, na hali haibadiliki wiki baada ya wiki.

Bustani, ambazo ndizo zinazolaumiwa kila mkutano, ni vipande vidogo pembeni ya mikia hiyo. Mtu anayemwagilia vitunguu anajua thamani ya ndoo moja. Maji mengi ya mfereji wa kiangazi yanaonekana hayana mwenyewe.

Nimezungumza na mwenzangu wa ofisi tusitume ramani hii kokote kwanza. Doa la bluu, yaani la unyevu, lenye jina la kijiji likifika mezani kwa mtu mwenye haraka, kesho yake kuna operesheni.

Oktoba

Uwandani. Tumechagua mfereji mmoja, nao sitautaja, tukaufuata kutoka banio hadi mwisho wake tukiwa na ramani kwenye simu. GPS ya simu inakosea mita kadhaa, inatosha kujua uko jaruba gani.

Ramani ilikuwa sahihi. Mwisho wa mfereji ulikuwa umepasuka na maji yalikuwa yanatandaa taratibu kwenye majaruba matupu. Mgawa maji wa eneo hilo, mzee mwenye jembe begani, alitusikiliza kwa adabu tulipomwonyesha picha.

"Shikamoo mzee. Hapa tunaona pako wazi tangu Juni."

"Marahaba. Pako wazi tangu nilipooa." Akaikagua simu kwa muda. "Hiyo setilaiti yenu imeona na wale akina mama?"

Hatukuwa tumewaona. Nukta ya mita 10 haioni ndoo. Kando ya mfereji, kila hatua mia hivi, palikuwa na sehemu ya kuteka: jiwe la kufulia, kata, watoto na madumu ya njano. Kijiji hakina bomba linalotoa maji, na kisima kilichopo kina chumvi. Mfereji ni wa mpunga masika na ni bomba la kijiji kiangazi. Ukifunga banio unafunga maji ya kunywa ya kila nyumba iliyo chini yake.

"Mkinifungia banio," alisema mzee, "kwanza mniambie nitamjibu nini mama Neema akija na ndoo."

Usiku ule, kwenye daftari, nilifanya hesabu ambayo sasa ndiyo moyo wa mradi. Sera ya Maji ya Taifa ya 2002 inalenga lita 25 kwa mtu kwa siku. Chukua kijiji cha watu 3,000: ni lita 75,000, yaani mita za ujazo 75 kwa siku. Ukigawa kwa sekunde za siku nzima unapata chini ya lita moja kwa sekunde. Ili lita hiyo moja ifike nyumba ya mwisho kwa mfereji wa udongo wa kilomita kadhaa, banio linaachwa wazi kuingiza mara mamia zaidi, kwa sababu maji hayatembei juu ya udongo mkavu kwa hisani. Yanayozidi ndiyo yale madoa yetu.

Upande wa pili wa hesabu: milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10. Jua la Oktoba huku, tukikadiria milimita 7 kwa siku kwenye ardhi iliyoloa, linakausha mita za ujazo 70 kwa kila hekta kwa siku. Hekta moja ya matope isiyo na zao inakunywa karibu sawa na kijiji cha watu 3,000. Na hekta 1,200 hivi zinatosha kumeza mita moja ya ujazo kwa sekunde. Kwa Ng'iriama ya Oktoba, mita moja ya ujazo kwa sekunde ni mto hai.

Oktoba, mwishoni

Tumepita Ng'iriama. Mwamba mkavu. Juu yake Ihefu inang'aa kijani.

Novemba, kabla ya mvua

Hesabu ya daftari inahitaji shahidi, ndiyo sababu tumegeukia kipimajoto cha Landsat. Kanuni ni ile ya mtungi: maji yakivukiza yanapoza kinachobaki. Shamba lenye unyevu saa nne na nusu asubuhi, setilaiti inapopita, huwa la baridi kuliko ardhi kavu iliyo kando yake, na ukijua nguvu ya jua siku hiyo unaweza kukadiria ni kiasi gani cha nguvu hiyo kimetumika kugeuza maji kuwa mvuke.

Nukta za joto za Landsat ni mita 100, kubwa mno kwa jaruba moja, lakini mikia yetu mirefu inaonekana vizuri, michirizi ya ubaridi kwenye tambarare inayochoma. Tumeilinganisha pia na WaPOR ya FAO, inayotoa makadirio ya maji yanayopotea kwa mvuke kwa Afrika nzima kila baada ya siku kumi. Hazilingani kwa tarakimu, hatukutarajia zilingane. Zinakubaliana kuhusu mahali. Mahali ndipo tulipopataka.

Kitu ambacho hakuna setilaiti iliyotupa, wala haitatupa kwa mfereji wa upana wa mita mbili, ni kiasi kinachoingia banioni. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamtaka mtumiaji awe na kibali, na kibali kina kiwango chake. Lakini kiwango bila kipimo ni maandishi tu. Kwenye mabanio tuliyoyaona, ubao wa kupimia kina au haupo au umelala mchangani. Kwa hiyo ombi letu la kwanza kwa wafadhili halitakuwa kompyuta. Ni mbao za kupimia, rangi, saruji, na posho ya mtu wa kijijini kuzisoma asubuhi na jioni.

Desemba

Mvua zimeanza milimani. Mawingu yamefunika kila picha ya Sentinel-2, tumehamia rada.

Rada haitegemei mwanga. Inatuma mawimbi yake kwa ubavu na kusikiliza yanayorudi. Maji yaliyotulia huyasukuma mbali kama kioo, kwa hiyo huonekana meusi. Upepo ukiyatikisa yanang'aa na kukudanganya. Mpunga una mwandiko wake: jaruba linapojazwa maji kwa kupandikiza huwa jeusi tii, kisha mche unavyokua na kujaza nafasi, rangi inapanda wiki kwa wiki. Sentinel-1 inapita juu yetu kila baada ya siku 12, inatosha kujua nani amepandikiza lini.

Kwa nini tunajali tarehe ya kupandikiza wakati kiangazi kimekwisha? Kwa sababu wanaotangulia kuandaa vitalu kabla ya mvua ndio wanaovuta maji machache ya mwisho wa kiangazi, na sababu yao ni ya biashara: mchele wa mapema hupata bei. Huyu si mharibifu. Ni mtu anayefanya hesabu yake, nasi lazima tujue ni wangapi na wako wapi kabla ya kuzungumza nao.

Januari

Mkutano na jumuiya ya watumia maji ya mfereji ule. Ramani tulizichapa kubwa, zikabandikwa ukutani kwenye ghala. Tulikubaliana tangu mwanzo zionwe na wao kabla ya ofisi yoyote.

Walizisoma haraka kuliko wanafunzi wangu. Mama mmoja alionyesha kwa kidole jaruba lake, kisha la shemeji yake, kisha akauliza kwa nini la shemeji ni bluu wakati anadai hapati zamu. Ghala likacheka, shemeji naye akacheka, ingawa si sana.

Hoja ilikaa kwenye maji ya kunywa karibu muda wote. Mwenyekiti aliiweka wazi: wapewe kisima kirefu chenye maji baridi na vituo vya kuchotea, nao watafunga banio tangu Julai mpaka Oktoba, waache tundu dogo la bustani kwa zamu. Mfugaji mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni akauliza mifugo itakunywa wapi. Swali hilo halikuwa kwenye ajenda. Sasa limo, na birika la mifugo limeongezwa kwenye mchoro wa kisima.

Naona hapa ndipo fedha ziende. Miaka yote hii Usangu imetibiwa kwa kuhamisha watu, na gharama ya operesheni moja ingechimba visima vingi. Wenzangu wawili wananiambia nimetoka kwenye maji nimeingia kwenye siasa. Labda. Lakini namba za kisima zimetoka kwenye picha zilezile walizozichakata wao.

Februari

Mtera. Bwawa ni la kina kifupi na pana mno, kwa hiyo kila kimo kikipanda kidogo ukingo unasogea mbali. Ni rahisi kulifuatilia kutoka juu kuliko kinamasi. Tunajua kimo chake cha juu ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na cha chini cha kuzalisha umeme ni mita 690. Tumechora eneo la maji kutoka rada na kuanza kulioanisha na kimo. Kazi ndogo, nzuri kuwaonyesha watu wa umeme kwamba kinachotokea banioni Mbarali kinafika kwenye megawati 80 za Mtera na 204 za Kidatu. Hatutakaa nayo muda mrefu.

Mvua tunaifuata kwa CHIRPS, inayochanganya picha za mawingu na vituo vya ardhini tangu 1981. Tambarare inakubaliana na vipimo vya skimu. Milimani inapunguza mvua kubwa na tunaisoma kwa tahadhari, maana mito yetu yote inatoka huko.

Machi

Andiko la kisima limepelekwa wilayani, na nakala yake Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Iringa. Mbao tatu za kupimia zimesimikwa: banioni, katikati na mwisho wa mfereji. Mzee wa jembe ndiye anayesoma wa banioni; hutuma picha ya ubao kwa WhatsApp kila asubuhi, mara nyingine na kidole chake kikiwa kimefunika namba.

Yaliyobaki kabla ya Julai: kupima mtiririko banioni maji yakiwa juu, ili kina cha ubao kigeuzwe kuwa lita kwa sekunde, kurudia ramani ya unyevu kwa viangazi vyote tangu Sentinel-2 ilipoanza mwaka 2015, tujue kama mikia ile inakua au inahama, na kuchagua mfereji wa pili ambao hautafungwa, wa kulinganishia. Mwenyekiti wa mfereji jirani amekwisha kuuliza kwa nini wao wawe wa kulinganishiwa wakati wenzao wanachimbiwa kisima. Tunakutana naye Jumanne.